Mwani na Saratani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuzuia Mishipa ya Uvimbe

Maswali haya hujirudia kila mara habari ya mwani "unaokausha saratani" inapozunguka kwenye simu. Yameanzia ya msingi na kuishia yale yanayowahusu watu wachache. Kama una mgonjwa nyumbani, anza na sehemu ya nne, kisha urudi juu ukipata nafasi.

## Sehemu ya kwanza: Uvimbe na damu yake

1. Kwa kifupi, mwani unatibu saratani?

Hapana. Kilichopo ni hiki: baadhi ya vitu vinavyokamuliwa kutoka kwenye mwani, hasa mwani wa kahawia, vimeonekana maabarani kuzuia mishipa mipya ya damu isiote. Kwa kuwa uvimbe wa saratani hutegemea mishipa hiyo, watafiti wanavifuatilia. Kati ya hapo na kidonge anachopewa mgonjwa kuna safari ndefu, na sehemu kubwa ya ukurasa huu inaieleza safari hiyo.

2. Kwa nini uvimbe uhitaji mishipa yake wenyewe?

Kila seli mwilini huishi kwa oksijeni na chakula kinacholetwa na damu, na oksijeni ikishatoka kwenye mshipa haifiki mbali: kama sehemu moja au mbili za kumi za milimita tu. Uvimbe mchanga unaweza kujibanza karibu na mishipa iliyopo mpaka ufikie upana wa milimita 1 au 2. Ukitaka kuzidi hapo, lazima uivute mishipa ije kwake.

Wazo hilo lilitolewa mwaka 1971 na Judah Folkman, daktari wa upasuaji huko Boston, Marekani. Alisema kwamba ukiweza kuzuia mishipa isiote, utaweza kuudumaza uvimbe bila kuishambulia seli yenyewe ya saratani. Wengi hawakumwamini. Ushahidi ulianza kujengeka baadaye, pale protini inayoitwa VEGF ilipotambuliwa katika miaka ya 1980. Seli za uvimbe zikikosa hewa huimwaga protini hiyo kwa wingi. Nayo hunasa kwenye vipokezi (sehemu za kupokelea ishara) vya seli zinazofunika ukuta wa ndani wa mshipa ulio jirani, na seli hizo huanza kugawanyika, kupenya kwenye nyama na kujipanga upya kuwa mrija. Mishipa inayopatikana hivyo ni ya ovyo, imepindapinda na inavuja, lakini uvimbe unanenepa kwayo, na seli zake hupitia humo kwenda kwenye mapafu, ini au mifupa.

Mtu mzima mwenye afya haoteshi mishipa mipya kila siku. Huotesha kidonda kinapopona, katika mzunguko wa hedhi na wakati wa ujauzito. Ndiyo maana njia hii ilionekana ina nafasi nzuri ya kuubana uvimbe bila kuuumiza sana mwili mzima.

3. Dawa za kuzuia mishipa zipo tayari, au bado ni nadharia?

Zipo. Ya kwanza kupata jina kubwa ni bevasizumabu, inayojulikana na wengi kama Avastin, iliyoidhinishwa Marekani Februari 2004 kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Ni kingamwili inayoikamata VEGF kabla haijafika kwenye kipokezi chake. Vidonge kama sorafenibu na sunitinibu vilifuata, navyo huzuia ishara kwenye sehemu ya kipokezi iliyo ndani ya seli.

Kwa Afrika Mashariki, matokeo ya kuangalia kwa makini ni yale ya saratani ya mlango wa kizazi, kwa sababu ndiyo inayowasumbua sana wanawake wetu. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2014, wanawake wenye ugonjwa uliorudi au kusambaa waliopewa tibakemia (dawa za kuua seli za saratani) pamoja na bevasizumabu waliishi wastani wa kati wa miezi 17, dhidi ya miezi 13.3 kwa waliopewa tibakemia peke yake. Usome kwa utulivu: hii ni dawa halisi, iliyopimwa, yenye bei kubwa, na faida yake ni kama miezi mitatu na nusu. Anayekuambia jeli ya mwani inafanya zaidi ya hapo ana kazi kubwa ya kuthibitisha.

Upande wa pili, mwaka 2011 Marekani iliiondolea bevasizumabu idhini ya saratani ya matiti, kwa kuwa faida haikulingana na madhara. Madhara yenyewe ni shinikizo la damu kupanda, kutokwa damu, vidonda kuchelewa kupona, na mara chache utumbo kutoboka.

4. Kama uvimbe umenyimwa damu, mbona haufi?

Kwa sababu VEGF si mlango pekee. Ukiuziba huo, uvimbe hutumia protini nyingine za kuchochea mishipa, au hujipenyeza kando ya mishipa ya zamani na kuitumia bila kuotesha mipya. Hili ndilo linalowafanya watafiti wavutiwe na vitu vya asili vinavyogusa njia kadhaa kwa pamoja, kama fukoidani ya swali la 6. Ila kugusa njia nyingi kuna ubaya wake pia, kama utakavyoona kwenye swali la 7.

## Sehemu ya pili: Mwani upi, na kitu gani ndani yake

5. Ni huu mwani wa Paje na Jambiani, Zanzibar?

Kwa sehemu kubwa, sio. Hapa ndipo habari nyingi zinapopotosha.

Mwani unaolimwa Unguja na Pemba, na ule wa Kibuyuni kule Kwale, Kenya, ni mwani mwekundu: spinosamu na kotonii. Kilimo chake cha biashara Zanzibar kilianza mwaka 1989 pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na mpaka leo wanaoingia majini bamvua likitoa maji ni wanawake zaidi. Vigingi vinapigwa mchangani, kamba inavutwa katikati, kila kipande cha mbegu kinafungwa kwa taitai (uzi mwembamba), na baada ya wiki kama sita kinavunwa na kuanikwa. Rangi yake isikuchanganye. "Mwekundu" ni jina la kundi. Shambani utauona wa kijani, wa hudhurungi au wa zambarau. Kinachotafutwa ndani yake na wanunuzi ni karagenani, gundi inayotumika kuzitia uzito ice cream, dawa za meno na maziwa ya chokoleti.

Tafiti za mishipa ya uvimbe, kwa wingi wake, zimefanywa kwa mwani wa kahawia: wakame na kombu wa Japani na Korea, mozuku wa Okinawa, na mwani uitwao kitaalamu Fucus vesiculosus wa bahari za baridi za Ulaya. Mwani wa kahawia upo pwani yetu pia. Sargassum, Turbinaria na Padina huota kwenye miamba, na Sargassum iliyong'oka husukumwa ufukweni na mawimbi. Lakini haulimwi, na hakuna anayeununua kwa kilo.

6. Fukoidani ni nini?

Ni sukari ndefu iliyobebeshwa salfeti, inayopatikana kwenye kuta za seli za mwani wa kahawia. Ule utelezi unaoushika mkononi ukiokota mwani huo mbichi, fukoidani imo. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1913 na Msweden Harald Kylin.

Salfeti zake huipa chaji hasi nyingi, na chaji hiyo huiwezesha kushikana na protini nyingi zenye chaji chanya, VEGF ikiwemo. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba fukoidani, hasa ile iliyoongezewa salfeti, huizuia VEGF isikae vizuri kwenye kipokezi chake. Seli za mshipa zisipopata ishara, hazijipangi kuwa mrija.

Kwa umbo inakaribiana na heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo viwanda huipata zaidi kutoka kwenye utumbo wa nguruwe. Kwa msomaji Mwislamu hilo peke yake linatosha kuufanya utafiti wa mwani uwe na maana. Ila undugu huo na heparini ndio unaoleta tahadhari za swali la 13.

7. Nimesoma mahali kwamba fukoidani inachochea mishipa kuota. Nani anasema kweli?

Wote wawili. Fukoidani si kitu kimoja. Minyororo mirefu yenye salfeti nyingi imeonekana kuzuia. Ile mifupi, iliyokatwakatwa, imeonekana katika majaribio kadhaa ikishirikiana na FGF-2, protini nyingine ya kuchochea mishipa, na kuzisaidia seli za mshipa kutengeneza mirija. Kuna watafiti wanaoitazama hii ya pili kwa makusudi kinyume kabisa, yaani kuwarudishia damu watu ambao mishipa ya miguu imeziba.

Sasa chukua chupa ya "fukoidani asilia" ya mtandaoni. Lebo inataja miligramu. Haitaji urefu wa mnyororo, wala kiwango cha salfeti, wala mwani ulivunwa mwezi gani, ingawa kiasi na muundo wa fukoidani hubadilika kwa aina ya mwani, msimu, na hata namna ilivyokamuliwa. Kwa mgonjwa wa saratani, kununua bila kujua hayo ni kucheza bahati nasibu na kitu ambacho pengine kinaulisha uvimbe.

8. Kuna kitu kingine kwenye mwani zaidi ya fukoidani?

Kuna fukozanthini, rangi inayoufanya mwani wa kahawia uwe wa kahawia, ambayo mwaka 2006 watafiti wa Kijapani walionyesha kuwa inazuia mishipa kuchipua kutoka kwenye vipande vya mshipa mkuu wa panya. Mwani wa kijani una rangi nyingine, sifonazanthini, iliyotoa matokeo ya aina hiyo. Karagenani iliyovunjwa vipande vidogo nayo imejaribiwa. Hapo ndipo spinosamu na kotonii zinapoingia kwenye mazungumzo, ingawa kwa mlango wa nyuma.

## Sehemu ya tatu: Jinsi inavyopimwa

9. Watafiti wanajuaje kwamba mishipa imezuiwa?

Njia ya zamani na ya bei nafuu ni yai la kuku. Linatakiwa yai lenye mbegu ya jogoo. La kisasa la trei halifai. Linawekwa kwenye joto la nyuzi 37 au 38. Siku ya tatu hivi ute kidogo hunyonywa kwa sindano ili utando wa ndani ushuke, kisha dirisha dogo linakatwa kwenye ganda na kufunikwa kwa utepe. Baada ya siku chache utando ule umejaa mishipa. Mtafiti anatua juu yake kikaratasi kilicholoweshwa dawa, anafunika, na baada ya siku mbili au tatu anafungua na kuhesabu matawi ya mishipa kukizunguka. Dawa ikichochea, mishipa huja imeelekea kwenye kikaratasi pande zote. Ikizuia, panabaki eneo jeupe. Yote hufanyika kabla ya kifaranga kukaribia siku yake ya 21.

Njia nyingine ni kuotesha seli kutoka kwenye mshipa wa kitovu cha mtoto aliyezaliwa, ambazo zikimwagwa juu ya jeli maalumu hujipanga kuwa vimirija ndani ya saa chache. Wengine hutumia samaki wa maabara wenye viluwiluwi vinavyoonekana hadi ndani, au panya waliopandikizwa uvimbe.

10. Kama imefanya kazi kwenye yai, kwa nini isiwe dawa?

Kwenye yai dawa inawekwa juu ya mshipa wenyewe. Kwenye kikombe inapita tumboni. Fukoidani ni molekuli kubwa, na inayofika kwenye damu ya mtu aliyeimeza ni kidogo sana. Kipimo kilichozuia mishipa kwenye sahani ya maabara hakifikiwi kwa kunywa. Halafu vitu vingi huzuia mishipa kwenye yai kwa sababu tu ni sumu kwa kila seli, na ukisoma muhtasari bila kusoma jedwali hutatambua tofauti.

Mfano wa kukumbuka pia umetoka baharini: gegedu la papa. Miaka ya 1990 liliuzwa duniani kote kwa hoja hii hii ya kuzuia mishipa, na maabarani lilikuwa na ushahidi. Dondoo lake (yaani kilichokamuliwa humo) bora kabisa lilipopimwa kwa wagonjwa 379 wa saratani ya mapafu, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba hawakuishi zaidi ya waliopewa dawa bandia. Papa waliuawa bure, na wagonjwa walitoa pesa zao.

11. Binadamu hawajajaribiwa kabisa?

Wamejaribiwa, ila kwa vikundi vidogo na kwa maswali mengine. Japani, wagonjwa 20 wa saratani ya utumbo mpana waligawanywa, na waliopewa fukoidani pamoja na tibakemia walichoka kidogo kuliko wenzao. Australia, wagonjwa 20 wa saratani ya matiti waliotumia letrozoli au tamoksifeni walipewa fukoidani kwa wiki tatu, na kiwango cha dawa zao kwenye damu hakikubadilika kwa maana. Ni habari njema kwa usalama wa muda mfupi wa dawa hizo mbili. Haisemi lolote juu ya uvimbe kusinyaa.

12. Bahari imewahi kutoa dawa yoyote ya saratani?

Ndiyo, na nzuri. Sitarabini, inayotumika kwa saratani ya damu tangu 1969, ilitokana na kemikali za sponji, mnyama wa baharini, ya Karibi. Eribulini, iliyoidhinishwa mwaka 2010 kwa saratani ya matiti iliyosambaa, ni nakala iliyorahisishwa ya kitu kilichogunduliwa kwenye sponji ya Japani mwaka 1986. Zote hutengenezwa kiwandani, kila dozi sawa na nyingine. Hakuna anayechemsha sponji.

## Sehemu ya nne: Ukiwa na mgonjwa nyumbani

13. Mama yuko kwenye tibakemia. Nimpe mwani?

Mwani kidogo kwenye mchuzi au saladi ni chakula tu. Kama anaupenda na daktari hajamkataza chakula fulani, ale. Vidonge, unga na jeli ya kila siku ni jambo jingine. Mwambie daktari kabla ya kumpa, na nenda na chupa yenyewe mkononi. Simama kabisa mpaka upate jibu kama:

- anatumia dawa za kuzuia damu isigande kama warfarini, heparini au aspirini, kwa kuwa fukoidani (swali la 6) inaweza kuongeza kutokwa damu, na vitamini K ya baadhi ya mwani inaweza kuivuruga warfarini kwa upande mwingine;
- ana upasuaji karibu, au ametoka nao juzi;
- yuko kwenye bevasizumabu au dawa ya jamii yake, yenye hatari zile za swali la 3.

Na asiache miadi. Wanaofika hospitali za Ocean Road, Dar es Salaam, au Kenyatta, Nairobi, wakiwa wamechelewa, wapo waliopitia kwanza kwenye chupa za namna hii.

14. Mgonjwa wetu ana saratani ya tezi ya shingo. Kuna tofauti?

Kubwa. Matibabu yake mara nyingi huhusisha kumeza iodini yenye mionzi, na kwa wiki moja au mbili kabla mgonjwa hutakiwa kula chakula chenye madini joto (yaani iodini) kidogo ili tezi iwe na njaa ya kuinyonya iodini ile. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku. Gramu moja tu ya kombu kavu inaweza kuwa na zaidi ya 1,000. Kikombe kimoja cha mchuzi wa kombu kinaweza kuharibu maandalizi yote. Mwani wetu mwekundu una kidogo kuliko kombu, lakini katika kipindi hicho usiliwe.

Hata asiye na saratani, madini joto yakizidi kila siku huivuruga tezi.

15. Na mjamzito?

Asitumie dondoo lolote linalouzwa kwa madai ya kuzuia mishipa. Mtoto tumboni anaoteshwa mishipa mwili mzima. Thalidomidi, dawa iliyowapa maelfu ya watoto ulemavu wa mikono na miguu kabla ya kuondolewa sokoni mwaka 1961, iligunduliwa mwaka 1994 kuwa ni kizuizi cha mishipa. Leo inatibu saratani ya uboho, chini ya ulinzi mkali dhidi ya ujauzito. Suala la madini joto (swali la 14) nalo linamhusu.

16. Mbona wengine wanasema karagenani ndiyo inayoleta saratani?

Wanachanganya vitu viwili. Karagenani ikichemshwa kwa asidi kali huvunjika kuwa poligini, ambayo huleta saratani kwa wanyama wa maabara na hairuhusiwi kwenye chakula. Karagenani ya chakula ni minyororo mirefu na inaruhusiwa, ingawa mjadala juu ya utumbo wenye maradhi haujafungwa. Mwani mzima wa kupika si poligini.

Usiokote mwani wa kula karibu na bandari au mabomba ya maji machafu, maana hunyonya madini mazito. Na mwani wa hijiki kutoka Japani uepukwe. Uingereza imeonya raia wake tangu 2004 kwa sababu ya aseniki.

## Sehemu ya tano: Wakulima na wanafunzi

17. Nalima mwani na nasarifu sabuni. Naweza kuandika kwenye lebo kwamba unazuia saratani?

Usiandike. Ukidai kutibu ugonjwa, bidhaa yako inageuka dawa mbele ya sheria, na wakala wa chakula na dawa Zanzibar, TMDA (mamlaka ya dawa) bara, au bodi ya famasia Kenya watakudai ushahidi wa dawa. Andika kilichomo, uzito, tarehe na mahali ulipovunwa. Sabuni, krimu, jemu na achari vinauzika bila kumtisha mtu na saratani, na thamani inayobaki kijijini ni kubwa kuliko ya kuuza gunia kavu kwa wakala.

18. Mimi ni mwanafunzi wa baiolojia. Pwani yetu ina nafasi gani kwenye utafiti huu?

Ipo. Profesa Keto Mshigeni alianza kuchunguza mwani wa Tanzania kabla kilimo chake hakijaanza, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo hapo hapo Unguja. Mwani wetu wa kahawia haujapekuliwa kiasi cha ule wa Japani, na jaribio la yai halihitaji mashine ya mabilioni.

Kosa linaloziua tafiti nyingi za aina hii ni kuandika "dondoo la mwani" bila zaidi. Hifadhi sampuli iliyokaushwa na kubanwa, itambuliwe kwa jina la kisayansi. Andika tarehe, ufukwe, kina na hali ya maji. Pima urefu wa minyororo na kiwango cha salfeti, kwa sababu za swali la 7. Hakikisha dondoo halina sumu za bakteria, ambazo zenyewe huwasha mishipa na kukudanganya. Na pamoja na kila yai la dawa, weka yai la maji ya chumvi tupu, na anayehesabu matawi asijue lipi ni lipi.